Kupiga picha Mshtarii na miezi yake ukiwa uani kwako

Mshtarii, yaani sayari ya Jupiter, haihitaji giza la porini. Inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, kwa hiyo taa za Sinza au Eastleigh haziizuii, na hata mbalamwezi haina neno. Anayetaka galaksi ndiye wa kufunga safari. Wewe kaa uani. Adui yako ni hewa. Ikitetemeka, picha inatetemeka nayo, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayokuokoa.

Kwenye suala hilo la hewa, sisi tulio karibu na ikweta tumependelewa. Sayari hupita juu sana kwetu, mara nyingi zaidi ya digrii 60 kutoka upeo wa macho, na kadiri inavyokuwa juu ndivyo mwanga wake unavyopita kwenye hewa kidogo. Zile pepo kali za angani zinazowasumbua wapiga picha wa Ulaya na Marekani nazo kwa kawaida huvuma mbali na ikweta. Christopher Go, mmoja wa wapiga picha wa Mshtarii wanaojulikana zaidi duniani, anafanyia kazi zake Cebu, Ufilipino, digrii 10 hivi kaskazini ya ikweta. Mwaka 2006, kwa darubini ya inchi 11, aligundua kuwa dhoruba moja ya Mshtarii iliyokuwa nyeupe imegeuka nyekundu, akawawahi wanasayansi wenye vyombo vikubwa. Na Cebu ni mji, una taa kama miji yetu.

Ninaanza na Mshtarii kwa makusudi. Ni kubwa, inavumilia makosa, na miezi yake minne mikubwa (Io, Europa, Ganymede na Callisto) inakupa kitu kipya kila usiku. Zohali (Saturn) na Mirihi (Mars) nitazigusa mwishoni.

Vifaa

Pesa ya kwanza iende kwenye upana wa kioo. Darubini ya aina ya Dobson yenye kioo cha inchi 6 (milimita 150) na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokusanyika) wa milimita 1,200 itakutosha kwa miaka. Inakaa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka, haina mota wala betri, na umeme ukikatika haijui. Kaa mbali na zile ndogo za milimita 60 zilizoandikwa "675x" kwenye boksi. Ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, kwa hiyo hiyo ya 60 inaishia 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Video nyingi za mtandaoni zitakushauri ununue stendi ya ikweta yenye mota. Jina lake lisikudanganye, imebuniwa kwa watu wa digrii 40 na 50 kutoka ikweta. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga (pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka), na kwetu ncha hiyo iko karibu na ardhi: Dar es Salaam ni chini ya digrii 7 juu ya upeo wa kusini, Nairobi ni digrii moja na ushei. Stendi nyingi hazishuki kiasi hicho, na zinazoshuka jiwe lake la mzani hugonga mguu wa stendi. Nyota ya Kaskazini ambayo wenzetu huitumia kulengea, sisi tulio kusini ya ikweta imezama. Ukiwa na bajeti ya mota, tafuta stendi inayokwenda kushoto-kulia na juu-chini na kujiongoza yenyewe. Ukiwa huna, Dobson ya mkono inatosha, na nitaeleza jinsi ya kuitumia.

Kwa kamera una njia mbili. Simu uliyonayo, pamoja na kishikio cha kuifunga kwenye lenzi ya jicho (ile unayochungulia). Au kamera ndogo ya sayari inayoingia mahali pa lenzi ya jicho na kuunganishwa na laptop kwa USB. Anza na simu. Mtu asiyeweza kuiweka sayari katikati ya simu hataiweka katikati ya kamera yenye kihisi cha mwanga kilicho kidogo kuliko ukucha.

Hatua ya 1: Panga usiku wako

Pakua Stellarium, programu ya bure ya kuonyesha anga, kwenye simu au kompyuta. Weka mji wako, kisha angalia mambo mawili: saa ambayo Mshtarii itakuwa imefika digrii 50 hadi 75, na miezi itakuwa imekaaje. Digrii 75 nimeziweka kwa sababu ya Dobson: ikielekea utosini kabisa inakuwa kaidi, unaisukuma kushoto-kulia na sayari haiendi unakotaka.

Hapa angalia saa. Stellarium huonyesha saa za mji uliouweka, lakini wapiga picha wa sayari duniani huandika saa za UTC (saa ya pamoja ya kimataifa). Saa 3 usiku yetu ni 21:00 kwa Afrika Mashariki, nayo ni 18:00 UTC. Ukichanganya, utaitafuta Io upande wa kushoto huku imeshahamia kulia.

Msimu wa Mshtarii hurudi kila baada ya miezi 13 hivi, pale dunia inapokuwa kati yake na jua. Baada ya Januari 2026, zamu inayofuata ni Februari 2027. Miezi mitatu kabla na baada yake bado ni mizuri.

Jioni yenyewe, tazama nyota. Zikimetameta sana, hewa ya juu imevurugika hata kama anga ni safi kama kioo. Usiku wenye utusitusi mwepesi usio na upepo mara nyingi hutoa picha kali zaidi kuliko usiku mweupe baada ya mvua.

Hatua ya 2: Itoe darubini nje mapema

Dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kupiga. Kioo kilichotoka ndani ya nyumba kina joto, na joto hilo linapanda ndani ya bomba na kuivuruga picha. Iweke kwenye majani au udongo, siyo kwenye sakafu ya saruji iliyochomwa na jua mchana kutwa. Usilenge juu ya paa la bati la jirani wala juu ya jiko la mtu anayepika. Ukiweza kusogea mita kumi ili sayari iwe juu ya mti badala ya paa, sogea.

Na jambo la usalama ambalo halina mjadala: ukiitoa wakati jua bado lipo, iache na kifuniko chake. Darubini iliyoelekea jua inaunguza jicho papo hapo, na inaweza kuwasha moto. Kama kuna watoto, usiondoke.

Hatua ya 3: Linganisha vioo

Dobson ina vioo viwili, na safari ya bodaboda au kunyanyuliwa tu kunatosha kuvihamisha kidogo. Lenga nyota angavu, iweke katikati, kisha zungusha fokasi hadi nyota iwe duara lenye mizunguko ndani yake. Mizunguko ikiwa na kitovu kimoja, endelea. Ikiwa imeegemea upande, zungusha skrubu za nyuma ya kioo kikubwa robo kwa robo, ukirudisha nyota katikati kila mara. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanailaumu kamera.

Hatua ya 4: Fokasi

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Usifanye fokasi kwa kuitazama Mshtarii yenyewe. Uso wake hauna ncha kali, na jicho litakubaliana na chochote. Tumia mwezi wake mmoja. Zungusha taratibu huku ukiitazama Io au Ganymede kwenye skrini: itakuwa kitone kinene, kitapungua, kitakuwa kidogo kabisa, kisha kitaanza kunenepa tena. Umepita. Rudi nyuma hadi pale kilipokuwa kidogo zaidi.

Tatizo ni kwamba ukigusa kirungu cha fokasi darubini nzima inatikisika na huoni kitu kwa sekunde kadhaa. Dawa yake ni kibanio cha nguo. Kibane kwenye kirungu, kisimame kama mkono wa saa, halafu sukuma ncha yake kwa kidole kimoja. Unapata mzunguko mdogo sana bila mtikisiko, na unaweza kukumbuka kilikuwa kimeelekea wapi pale picha ilipokuwa kali. Rudia fokasi kila nusu saa, maana bomba linaendelea kupoa na kunywea.

Hatua ya 5: Piga kwa simu

Weka lenzi ya jicho ya milimita 10. Kwa darubini ya milimita 1,200 hiyo ni ukuzaji wa 120. Funga simu, hakikisha kamera yake iko katikati ya tundu la lenzi (duara la mwanga liwe kamili, siyo nusu), kisha ingia kwenye mpangilio wa kitaalamu wa kamera. Ukiiachia simu ijiamulie, itaona giza tupu, itafungua mwanga wote, na Mshtarii itatoka kama taa ya gari.

Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, kisha ongeza au punguza hadi uone mikanda miwili ya kahawia ikikatiza uso wa sayari. Usivute zumu ya kidijitali, haina ilichokuongezea. Piga video ya ubora wa juu, dakika moja hivi, badala ya picha moja moja. Usiguse skrini kuanzisha: weka kihesabu cha sekunde tatu, au tumia kitufe cha sauti cha earphone.

Mwaka 1610, Januari, Galileo aliviona vitone vya miezi hiyo minne kwa darubini iliyokuza kama mara 20. Simu yako itaviona bila shida, ila siyo kwa mpangilio uleule wa sayari. Nitarudi hapo.

Hatua ya 6: Piga kwa kamera ya sayari

Kwanza ukubwa wa taswira. Kanuni inayofanya kazi: chukua ukubwa wa pikseli wa kamera kwa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita), zidisha kwa 5, hilo ndilo jibu la f (urefu wa fokasi gawa kwa upana wa kioo) unalotafuta. Kamera yenye pikseli za mikromita 2.9 inataka karibu f/15. Darubini yetu ni f/8 (1,200 gawa kwa 150), ukiweka lenzi ya Barlow (inayozidisha urefu wa fokasi) ya 2x inakuwa f/16. Hapo umefika. Ukiongeza Barlow ya 5x utapata Mshtarii kubwa, hafifu na yenye ukungu.

Kwa mpangilio huo kila pikseli inabeba kama robo ya sekunde ya tao (digrii moja ina sekunde 3,600). Mshtarii ikiwa na upana wa sekunde 45, itatoka na pikseli 180 hivi. Ndogo? Ndiyo. Picha nzuri za sayari ni ndogo, zizoee.

Tumia SharpCap au FireCapture kurekodi. Kwenye laptop, kata eneo la kurekodi liwe 640 kwa 480 ili kasi ipande. Muda wa mwanga uwe milisekunde 5 hadi 10. Kisha pandisha geini (nguvu ya kamera ya kukuza mwanga iliyopokea) mpaka histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ifike asilimia 60 au 70. Picha itaonekana chafu, yenye chengachenga. Iache hivyo. Muda mfupi unaigandisha hewa, na chengachenga zitaondoka baadaye: ukirundika fremu 900 (picha moja moja za video, zikiwekwa juu ya nyingine na kupigwa wastani), zinapungua mara 30. Hifadhi kwa muundo wa video wa SER. Kwa fremu 100 kwa sekunde, dakika mbili ni fremu 12,000 na karibu gigabaiti 3.7, kwa hiyo tumia tundu la USB 3 na uwe umefuta sinema za zamani kwenye diski.

Kwa nini dakika mbili? Mshtarii inajizungusha kwa saa 9 na dakika 55. Katikati ya uso wake, mawingu yanasogea karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika. Kioo cha milimita 150 kinatenganisha takriban sekunde 0.77. Ukirekodi dakika tatu umeshaugusa mpaka huo, na maumbo yanaanza kujipaka. Mwenye kioo cha inchi 8 au zaidi apunguze hadi dakika moja na nusu.

Wewe wa Dobson isiyo na mota, sayari haitakusubiri. Anga linahama sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa, sawa na pikseli 60 kwa mpangilio huu. Kwa hiyo usikate eneo: tumia upana wote wa pikseli 1,920, isogeze darubini mbele ya sayari, ondoa mikono, iache Mshtarii iingie upande mmoja na kutokea mwingine. Inachukua kama nusu dakika. Rudia mara nne tano mfululizo. Programu ya PIPP itazikata fremu zote na kuiweka sayari katikati, kisha itaziunganisha kuwa video moja. Inachosha mgongo, lakini matokeo yake hayatofautiani sana na ya mwenye mota.

Hatua ya 7: Miezi

Mshtarii ni angavu kupita kiasi ikilinganishwa na miezi yake. Mpangilio unaoonyesha mikanda unaificha miezi au kuifanya hafifu. Unaoonyesha miezi unaiunguza sayari. Piga video mbili, moja baada ya nyingine bila kugusa fokasi: ya kwanza kwa ajili ya sayari, ya pili ukiongeza muda wa mwanga mara nane hadi kumi. Kwenye simu, jaribu ISO 800 na shata 1/15. Baadaye kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, utaiweka sayari ya video ya kwanza juu ya ile iliyoungua. Watu husema ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo ilimradi miezi ibaki pale ilipokuwa, na uandike kuwa ni fremu mbili.

Nafasi nayo ni tatizo. Io haiendi mbali na Mshtarii zaidi ya kama sekunde 140 za tao, ila Callisto hufika zaidi ya 600. Ukitaka yote minne, ondoa Barlow.

Io inazunguka kwa saa 42 na nusu, Europa kwa siku tatu na nusu, Ganymede kwa wiki moja, Callisto karibu siku 17. Saa moja tu inatosha kuiona Io imehama: inatembea sekunde 20 hivi za tao, karibu nusu ya upana wa Mshtarii. Piga kila dakika kumi na tano tangu saa 3 hadi saa 6 usiku, panga picha moja chini ya nyingine, na utakuwa na mchoro wa mwendo wake.

Lililo tamu zaidi ni kivuli. Mwezi ukipita mbele ya Mshtarii, kivuli chake huanguka juu ya mawingu kama doa jeusi la mviringo, na kinaonekana hata kwa inchi 6. Stellarium itakuonyesha siku na saa ukisogeza muda mbele. Ila hapa dakika mbili ni nyingi: Io inakwenda kilomita 17 kwa sekunde, inaweza kuhama karibu upana wake mzima ndani ya dakika tatu. Rekodi sekunde 60. Na kwa kuwa kuanzia 2026 hadi 2027 miezi hii inazunguka ikiwa imelala sawasawa na macho yetu, kuna usiku ambao mmoja unaufunika mwingine. Vitone viwili vinageuka kimoja na kuachana tena, mara nyingi ndani ya dakika chache.

Hatua ya 8: Kwenye kompyuta

Programu zote nitakazotaja ni za bure na zinaendeshwa kwenye Windows. Fungua video kwenye AutoStakkert, chagua "Planet", bonyeza kuchambua. Programu inazipanga fremu kuanzia kali hadi mbovu na kukuchorea mstari. Usiku wa hewa tulivu chukua asilimia 25 ya juu. Usiku wa taabu chukua 10. Weka vidokezo vya kulinganishia vyenye ukubwa wa kati, rundika, hifadhi kama picha ya TIFF. Kitakachotoka ni laini na kama kimepakwa mafuta. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Kifungue kwenye RegiStax, programu ya kunoa picha, sehemu ya wavelets. Kuna mistari sita ya kutelezesha. Ya kwanza inanoa vitu vidogo kabisa, pamoja na chengachenga. Anza na ya pili na ya tatu, pandisha pole pole. Kisha bonyeza kulinganisha rangi, ili wekundu na ubluu wa ukingoni urudi mahali pake. Nyingi ya picha mbaya za sayari ninazoziona zilikuwa nzuri kabla ya hapa. Ukiona ukingo wa Mshtarii una utepe mweupe na mstari mweusi ndani yake, au mikanda imekuwa kama imechongwa kwa kisu, umezidisha. Rudisha nusu, kalale, itazame asubuhi.

Jina la faili liwe na tarehe na saa ya UTC ya katikati ya video. Ukija kutaka kuunganisha video kadhaa kwa WinJUPOS, programu inayourudisha nyuma mzunguko wa sayari, bila saa sahihi haiwezi kitu.

Zohali na Mirihi

Zohali ni hafifu zaidi: milisekunde 15 hadi 30, na geini juu. Inajizungusha haraka pia, lakini haina madoa makali, hivyo unaweza kurekodi dakika nne bila wasiwasi. Pete zake zilikuwa zimelala ubavu kabisa Machi 2025 na zinafunguka mwaka hadi mwaka. Oktoba 2026, inapokuwa karibu zaidi na dunia, bado zitakuwa nyembamba, lakini sayari yenyewe itapita karibu na utosi wetu. Titan, mwezi wake mkubwa, utauona kama kitone umbali wa hadi sekunde 200 za tao kutoka sayari. Huizunguka Zohali mara moja kwa siku 16.

Mirihi itakaribia Februari 2027, mwezi uleule wa Mshtarii, lakini kwa upana usiofika sekunde 14 za tao. Kwa inchi 6 tarajia theluji ya ncha ya kaskazini na madoa meusi mawili matatu. Kama usiku una saa moja tu nzuri, ipe Mshtarii.